Bangoni nimo, kwenye kundi simo

Shikamoo Shangazi,

Nasoma shahada ya uchumi, mwaka wa tatu kati ya minne. Nikiwa na miaka sita niliugua homa ya uti wa mgongo, nikapona, lakini sehemu kubwa ya usikivu wangu ikaenda nayo. Navaa vifaa vya kusaidia kusikia masikio yote mawili na nasoma midomo. Naongea vizuri tu, na shule zote nilizopita zilikuwa za kawaida, kwa hiyo lugha ya alama naijua kidogo sana. Nakueleza haya mapema kwa sababu mtu akinisikia naongea anaamua kwamba na mimi namsikia, na matatizo yangu mengi yanaanzia hapo.

Kwenye lango kuu la chuo kuna bango la kukaribisha wanafunzi wapya. Tuko watano, mimi niko katikati. Mpiga picha aliniomba nirudishe nywele nyuma ya sikio ili kifaa kionekane. Chini imeandikwa kwamba hiki ni chuo cha wote. Picha hiyohiyo iko kwenye tovuti na kwenye jalada la mwongozo wa udahili. Mwaka jana niliteuliwa pia kuingia kamati ya ujumuishi, na kila akija mgeni mkubwa naitwa kumsalimia.

Sasa njoo darasani. Semesta hii masomo yangu mengi yana kazi za vikundi. Mhadhiri anasema, "Jigaweni sita sita," na kabla sijajua amesema nini, watu wameshajigawa. Mimi nabaki nimesimama na begi langu hadi mhadhiri anipachike kwenye kundi lenye nafasi. Safari hii nimepachikwa kwenye kundi ambalo kazi yote linaipanga WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti. Naamka asubuhi nakuta msururu wa sauti, nyingine za dakika tatu, na wenzangu wameshajibizana na kukubaliana. Nikiandika, "Jamani naombeni maandishi," najibiwa, "Usijali, tutakupa muhtasari." Muhtasari ukija ni mstari mmoja: "Wewe utafanya jalada na marejeo." Kila kazi mimi ni jalada na marejeo. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri aliniuliza kwa nini tulichagua modeli ile ya uchambuzi. Sikuweza kujibu, maana mjadala wa kuichagua ulifanyika kwenye sauti ambazo sikuzisikia. Kundi zima lilipata alama nzuri, mimi nikakatwa.

Tukikutana ana kwa ana ni kwenye korido ya maktaba, watu wanapita, na wenzangu wote wanaongea kwa pamoja. Nikimfuata mmoja kwa macho, nikifika mwenzake ameshamaliza. Wakicheka nauliza, "Amesema nini?" Naambiwa, "Achana nayo, si muhimu." Shangazi, hayo maneno mawili, "si muhimu", yananiuma kuliko hata kukatwa alama.

Si watu wabaya. Kompyuta yangu ilipoharibika mmoja wao aliniazima yake wiki nzima. Kuna kijana mwingine kwenye kundi ametoka nchi nyingine, na wenzetu wakichanganya lugha zao za nyumbani na yeye anapotea. Huwa kimya sana. Mara mbili amenitumia maelezo aliyoyaandika mwenyewe, bila kuombwa.

Nilimweleza mhadhiri mmoja, akaniambia, "Mbona unaonekana kawaida? Ungesema mapema." Akaongeza kwamba kazi za vikundi zipo ili tujifunze kuishi na watu. Mwingine huongea huku anaandika ubaoni, ametupa mgongo, na kwangu mhadhara unakuwa umekwisha hapo.

Wiki iliyopita ofisi ya mawasiliano ya chuo imeniandikia kwamba wanataka kurekodi video nikiwa na kundi langu, "tukifurahia maisha ya kampasi". Sijajibu. Mwenzangu wa chumbani anasema nikatae na nijitoe kwenye kamati, maana wananitumia. Mama anasema nisiwaudhi watu wa chuo, nimebakiza muda mfupi. Mimi naogopa nikilalamika nitaonekana mzigo na kundi litanichukia. Nikinyamaza nitahitimu bila kufanya uchambuzi hata mmoja na wenzangu. Nifanye nini?

Msoma Midomo

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua ya ofisi ya mawasiliano iache kwanza. Usiijibu leo wala usiifute, tutaihitaji. Cha haraka ni zile alama, kwa sababu zina muda wake. Vyuo vingi vina siku maalumu za kukata rufaa ya matokeo ya kazi za semesta, na zikishapita hakuna atakayekusikiliza hata ukiwa na haki kiasi gani. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako leo, tafuta tarehe hiyo, kisha mwandikie mhadhiri wa somo lile barua pepe fupi. Usimwombe huruma. Mweleze kwamba kazi ilijadiliwa kwa njia ambayo kiziwi hawezi kuifuata, kwamba uliomba maandishi zaidi ya mara moja (ambatisha picha za skrini za jumbe zako), na kwamba unaomba kupimwa upya wewe mwenyewe juu ya modeli ileile: akuulize ana kwa ana, chumba kimetulia, au akupe maswali uyajibu kwa maandishi. Soma uchambuzi wote kabla hujaituma. Ukiwa tayari kujibu, ombi lako litakuwa na nguvu mara mbili.

Sasa tuzungumze juu ya mzigo, kwa sababu naona hofu hiyo ndiyo iliyokufunga mdomo muda wote.

Hebu tuwaeleze wasomaji wengine kazi unayoifanya kila siku, maana wewe umeizoea hadi huioni. Vifaa vya masikioni havirudishi usikivu kama miwani inavyorudisha macho. Vinakuza sauti zote: ya anayeongea, ya kiti kinachoburutwa, ya feni, ya kundi la meza ya jirani. Kwenye korido ya maktaba vinakupa kelele kubwa zaidi, basi. Midomo nayo inasema sehemu tu ya habari. Simama mbele ya kioo utamke papa, baba, mama bila kutoa sauti. Midomo inafunga na kufunguka vilevile mara zote tatu. Anayesoma midomo anabashiri kutokana na maneno yaliyotangulia, anasahihisha ubashiri wake huku sentensi inaendelea, na anafanya hivyo saa nzima bila kupumzika, wakati wenzake wanafikiria uchumi peke yake. Ndiyo maana ukitoka mhadharani unakuwa umechoka kuliko wote. Umekuwa ukibeba peke yako kazi yote ya mawasiliano ya watu sita. Ukiwaomba waandike badala ya kurekodi, unaomba wakupokee sehemu ndogo ya mzigo ambao tayari uko mgongoni mwako.

Ombi lako pia lina msingi wa kisheria. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006, na nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi: watu wenye ulemavu waipate bila kubaguliwa, na wafanyiwe marekebisho stahiki, yaani utaratibu urekebishwe ili nao waweze kushiriki. Ibara ya 2 inakwenda mbali zaidi, inasema kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi wenyewe. Kwa hiyo yule mhadhiri aliyekuambia unaonekana kawaida, hata kama hakukusudia ubaya, alikuwa anakataa kitu ambacho chuo kinadaiwa. Uziwi wako hauonekani kwa macho, na hakuna mahali mkataba unaposema lazima uonekane. Angalia kama nchi yako imeuridhia na kama ina sheria yake ya watu wenye ulemavu. Namba ya ibara ikiwa ndani ya barua, barua haikai mezani muda mrefu.

Hiyo barua, ambayo si ile ya rufaa, iandike wiki hii. Ipeleke kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara yako na kwa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu kama kipo. Isizidi ukurasa mmoja, na isiwe na sentensi kama "naomba chuo kiwe jumuishi zaidi", kwa sababu sentensi ya namna hiyo kila mtu ataikubali na hakuna atakayefanya chochote. Omba vitu ambavyo mtu anaweza kuulizwa baada ya wiki mbili kama amefanya au hajafanya.

Kuna wanafunzi wenzako waliofanya hivyo na historia inawakumbuka. Gallaudet ni chuo kikuu cha viziwi kilichopo Washington, Marekani, na kilianza mwaka 1864. Hadi Machi 1988 kilikuwa hakijawahi kuwa na rais kiziwi hata mmoja. Bodi ilipomchagua tena mtu anayesikia, ilhali wawili kati ya wagombea watatu wa mwisho walikuwa viziwi, wanafunzi walifunga malango ya chuo. Walikuja na madai manne tu: rais huyo aondoke na nafasi apewe kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe angalau asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu yeyote kwa kuandamana. Kila dai lingeweza kujibiwa ndiyo au hapana. Ndani ya takribani wiki moja yote manne yalikuwa yamekubaliwa, na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho. Sikuambii ufunge lango, mwanangu. Nakuonyesha jinsi walivyoandika madai yao.

Yako yanaweza kusomeka hivi:

"Mimi ni kiziwi ninayetumia vifaa vya kusikia na kusoma midomo. Naomba wahadhiri wangu wote wajulishwe kwa maandishi kabla ya wiki ijayo kwamba: waongee wakiwa wamegeukia darasa, wanitumie slaidi siku moja kabla, wapange vikundi wao wenyewe na kugawa majukumu, na mawasiliano rasmi ya kikundi yawe ya maandishi. Naomba pia chumba kilichotulia kwa mikutano ya kikundi changu, na nijulishwe nani anashughulikia ombi hili na atanijibu lini."

Kuna kifaa kimoja cha kuongeza. Ni kipaza sauti kidogo kisichotumia waya, mhadhiri anakivaa shingoni au kifuani, na sauti yake inaingia moja kwa moja kwenye vifaa vyako bila kupotelea kwenye kelele za ukumbi. Akigeukia ubao bado unamsikia. Si kila kifaa cha masikioni kinaweza kukipokea, kwa hiyo muulize kwanza mtaalamu wako wa usikivu, kisha uombe chuo kikinunue kiwe mali ya chuo. Atakayekuja baada yako atakikuta. Wakati unasubiri, zipo programu za simu zinazogeuza usemi kuwa maandishi papo hapo. Zinakosea majina na istilahi, na mtu akichanganya lugha zinavurugika, lakini ukiweka simu karibu na mhadhiri zinakuokoa katika mengi.

Umeona kwamba nimetia vikundi kupangwa na mhadhiri. Hapo naomba tukae kidogo.

Ukisoma barua yako taratibu utaona kwamba kutengwa kwako hakuanzi WhatsApp. Kunaanza pale mhadhiri anaposema "jigaweni". Watu wakiambiwa wachague, wanamchagua waliyekaa naye, wa lugha yao, wa mtaa wao, wa dini yao, waliyesoma naye sekondari. Hakuna anayekuwa amekusudia kumtenga mtu, na bado kila mara wanaobaki wamesimama ni walewale: kiziwi, mgeni, mtu mzima aliyerudi kusoma akiwa na watoto, yule anayeishi mbali na kampasi. Mhadhiri anayeacha hivyo ameshafanya uamuzi, ila hajauona. Na kusema kwamba hiyo ndiyo kujifunza kuishi na watu si kweli. Wanaojigawa na marafiki zao hawajifunzi kuishi na mtu yeyote mpya.

Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico ambao awali walisoma mbalimbali. Madarasani kukawa na uhasama hadi ngumi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliitwa kusaidia. Hawakuwahubiria watoto juu ya upendo. Walibadilisha kazi ya darasani. Somo waliligawa vipande, kila mtoto katika kundi dogo akapewa kipande ambacho mwingine hana, na mtihani ukauliza vipande vyote. Mtoto aliyekuwa anabezwa kwa Kiingereza chake cha kubabaika sasa alikuwa ameshika kitu ambacho wenzake wanakihitaji. Wakajifunza kumuuliza vizuri na kumsubiri amalize. Njia hiyo bado inatumika hadi leo.

Sasa linganisha na jalada na marejeo. Ukiumwa wiki nzima, kundi lako halipungukiwi kitu. Mtu atafanya jalada usiku wa mwisho. Ndiyo maana hakuna anayehangaika kukuandikia. Kwenye kazi inayofuata dai kipande chenye uzito: usafishaji wa data, au uchambuzi wenyewe, au sehemu ya matokeo. Sema mapema, siku ya kwanza, kwa maandishi, kabla hawajagawana: "Mimi nachukua uchambuzi." Ukishika kitu ambacho ripoti haiwezi kusimama bila hicho, utashangaa jinsi watu wanavyokumbuka kuandika.

Lakini kabla hujaandika kwenye kundi, mtafute yule kijana.

Umemtaja kwa mistari michache, na mimi naona yeye ni mtu muhimu sana kwenye barua hii. Anapotea kama unavyopotea wewe, kwa sababu nyingine. Wenzenu wakiingia kwenye lugha yao ya nyumbani, masikio yake mazima hayamsaidii kitu. Maandishi anayahitaji yeye pia, anaweza kuyasoma tena, akatafuta neno asilolijua. Mwambie unachotaka kuomba na umuulize yeye angeomba nini. Pengine atataka lugha moja mkutanoni. Mkiandika wawili, ombi haliwi tena tatizo la masikio ya mtu mmoja. Linakuwa utaratibu wa kundi. Nikuombe kitu kimoja tu juu yake: usimfanye mwandishi wako. Amekusaidia kwa hiari, na ni rahisi kundi zima likastarehe kwamba "yule atamwandikia". Kuandika kuzunguke kwa zamu, kila mkutano mtu mwingine.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na usiwe na lawama. Kitu kama: "Jamani, kwenye sauti nakosa karibu kila kitu, na mnajua yaliyonikuta kwenye wasilisho. Kuanzia kazi hii tuandike maamuzi yote hapa, hata kwa kifupi. Tukikutana, tukae chumbani, aongee mmoja baada ya mwingine, na anayeongea anyooshe mkono kwanza ili nijue nimtazame nani." Kunyoosha mkono kutawachekesha siku ya kwanza. Vumilia. Wewe chagua kiti ambacho dirisha liko nyuma yako, mwanga uwaangukie wao usoni. Mtu mwenye dirisha mgongoni mwake uso wake unakuwa giza na midomo huioni.

Na hilo la "si muhimu", waambie. Chagua yule aliyekuazima kompyuta, mkiwa wawili, umweleze linavyokuuma. Mtu aliyekuazima kompyuta wiki nzima anakujali, hajui tu kwamba akisema maneno yale anaamua kwa niaba yako kipi unastahili kukijua. Mwambie kwamba hata kichekesho kibovu unakitaka. Akishaelewa yeye, atawarekebisha wengine bila wewe kufungua mdomo.

Tumefika kwenye bango.

Mwenzako wa chumbani ana jicho zuri. Mwaka 1977 mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wachache waliofanya kazi katikati ya wanaume wengi kwenye kampuni kubwa. Aliona kwamba mtu akiwa mmoja au wawili kati ya wengi, anatazamwa kuliko wote, lakini anatazamwa kama sampuli ya kundi lake. Kosa lake linahesabiwa kuwa la kundi zima, na uwezo wake mwenyewe unapita bila kuonekana. Ukiombwa kurudisha nywele ili kifaa kionekane, na darasani huulizwi unafikiri nini juu ya modeli, Kanter angekuelewa mara moja.

Kwa hiyo video, mimi nasema usiikubali kwa sasa. Inataka uigize urafiki na kundi ambalo halikuandikii ujumbe, kisha mwanafunzi kiziwi aliyeko sekondari aitazame, ajaze fomu, aje akute "jigaweni". Hilo ndilo linalonikera zaidi. Yeye hajui, anakuamini wewe. Wajibu kwa heshima kamili: "Asanteni kwa kunifikiria. Nimewasilisha maombi ya marekebisho kwa mshauri wa wanafunzi, nakala imeambatishwa. Yakitekelezwa nitafurahi kurekodi na kueleza yalivyonisaidia." Ofisi ya mawasiliano ina njia ya kufika juu ambayo wewe huna, na sasa wana sababu yao wenyewe ya kutaka barua yako ijibiwe.

Kwenye kamati, hapo natofautiana na mwenzako wa chumbani. Usitoke bado. Kiti hicho kinakupa haki ya kuweka jambo kwenye ajenda, na wanafunzi wengi wanaoumia hawana. Mkutano ujao omba kipengele kimoja: vikundi vya kazi vipangwe na wahadhiri chuo kizima. Uliza kamati ina bajeti ya kiasi gani na maamuzi yake yanakwenda kwa nani, kisha omba majibu yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Wakikuuliza "viziwi wanataka nini", usikubali kuwajibia wote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na hawafanani. Wewe unahitaji maandishi na uso unaoonekana. Anayetumia lugha ya alama anahitaji mkalimani, na slaidi zako hazitamtosha. Waambie wamwalike na yeye, wamlipie mkalimani wake, awe mjumbe kamili kama wewe. Jipe semesta moja. Ikiisha bila uamuzi hata mmoja kutekelezwa, jiuzulu kwa barua yenye sababu, na kwenye barua hiyohiyo uombe picha yako iondolewe bangoni. Picha ni yako.

Mama yako usimpuuze. Anajua kwamba anayelalamika anaweza kuandamwa, na amekulea kwa tabu hadi hapo. Mwonyeshe barua kabla hujaituma, aone hakuna tusi wala kelele ndani yake. Mwambie utahifadhi nakala ya kila kitu, na kwamba ukiitwa kuzungumza utaomba muhtasari wa maandishi, jambo ambalo kwako ni haki.

Na nyinyi wahadhiri mnaosoma safu hii, msisubiri Msoma Midomo wa darasani kwenu ajitokeze. Kusimama mbele ya mhadhiri na kusema "mimi ni kiziwi" mwaka wa kwanza, ugenini, hujui atakujibu nini, si jambo dogo. Siku ya kwanza ya semesta liambieni darasa kwamba mwenye hitaji lolote awaandikie, na kwamba mtalishughulikia. Geukeni mbele. Pangeni vikundi nyinyi. Hayo hayahitaji bajeti wala kikao.

Mwanangu, anza na tarehe ya rufaa, halafu yule kijana, halafu barua ya mshauri wa wanafunzi. Akikujibu, nitumie nakala ukiwa umefuta majina. Kama jibu litakuwa la kukuzungusha, tutaandika la pili pamoja.

Shangazi